Kocha akifungashiwa virago: mwongozo kamili wa kumpata mrithi katika mpira wa kikapu wa vyuo Marekani

Machi 2024 chuo cha SMU, Dallas, kilimtimua kocha wake wa mpira wa kikapu wa wanaume, Rob Lanier, kikamchukua Andy Enfield kutoka USC. USC ikamchukua Eric Musselman kutoka Arkansas. Arkansas ikamng'oa John Calipari Kentucky, alikokuwa amekaa miaka 15. Kentucky ikamtaka Scott Drew wa Baylor, Drew akatangaza hadharani kwamba haondoki, basi wakamwita Mark Pope wa BYU, ambaye alikuwa mchezaji wa Kentucky iliyotwaa ubingwa 1996. BYU nayo ikamchukua Kevin Young kutoka benchi la ufundi la Phoenix Suns, timu ya NBA. Viti vitano vilipata makocha wapya kwa wiki nne hivi, kwa sababu tu kiti kimoja cha Dallas kilikuwa wazi.

Mwongozo huu unamfuata mkurugenzi wa michezo wa chuo cha Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwa sababu yeye ndiye anayebeba mzigo wa uamuzi. Shabiki anayetaka kuelewa kinachoendelea nyuma ya tetesi ataukuta una manufaa, na mzazi mwenye kijana anayecheza huko atakuta sehemu yake mwishoni. Msimamo wetu ni mmoja: msako wa kocha hufaulu au huharibika kabla kiti hakijawa wazi. Wanaoanza kufikiri siku ya kumfukuza kocha huwa tayari wamechelewa, na wanaolipia uchelewaji huo ni wachezaji.

Orodha ya kwenye droo

Kila mkurugenzi makini ana orodha ya majina matano hadi saba, hata kama kocha wake anashinda. Hii haimaanishi anamtakia mabaya. Makocha wazuri huondoka wenyewe. Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa wa 2019, alistaafu Oktoba 18, 2024, wiki chache kabla ya msimu kuanza. Jim Larrañaga aliondoka Miami siku moja baada ya Krismasi mwaka huohuo, msimu ukiwa katikati. Bruce Pearl wa Auburn alistaafu Septemba 2025 na kiti kikaenda kwa mwanawe Steven, aliyekuwa msaidizi wake.

Kwa hiyo weka orodha mbili. Ya kwanza ni ya Machi, wakati soko liko wazi. Ya pili ni ya Oktoba hadi Februari, na humo mna majina ya watu walio ndani ya jengo lako tu, kwa kuwa hakuna kocha mkuu mwenye heshima atakayeiacha timu yake katikati ya msimu. Virginia walimpa Ron Sanchez ukaimu, Miami wakampa Bill Courtney. Wote wawili walikuwa kwenye benchi tayari, wachezaji wanawajua. Mkurugenzi anatakiwa kujua mapema ni msaidizi yupi anaweza kukalia kiti hicho kesho asubuhi, na mkataba wa msaidizi huyo uwe na kifungu kinachotaja nyongeza ya mshahara akikaimu. Bila kifungu hicho utajikuta unajadiliana mshahara siku ambayo wachezaji wanalia.

Kila jina la orodha ya Machi lipewe ukurasa mmoja. Andika fidia ambayo chuo chake kitadai akiondoka, na tarehe ambayo fidia hiyo inashuka. Andika wakala wake ni nani, wasaidizi gani atakuja nao, na wachezaji gani wa timu yake bado wana misimu ya kucheza. Andika pia familia yake iko katika hali gani: mtoto aliye mwaka wa mwisho wa sekondari amewafanya makocha wengi wakatae kazi nzuri. Pitia kurasa hizo Novemba kabla ya mechi ya kwanza, kisha mwisho wa Januari.

Hesabu kabla ya hasira

Kocha anapokalia kuti kavu, kelele za mashabiki ndizo husikika kwanza. Zinyamazishe kwa karatasi na kalamu. Chukua mfano wa kocha mwenye mshahara wa dola milioni 2.4 kwa mwaka, aliyebakiza miaka 4. Mkataba unasema akiondolewa bila kosa atalipwa asilimia 75 ya kilichobaki, ila kuanzia Aprili 1 kiwango kinashuka hadi asilimia 50. Kilichobaki ni milioni 9.6. Ukimwondoa Machi 12 unadaiwa milioni 7.2. Ukisubiri hadi Aprili 1 unadaiwa milioni 4.8. Tofauti ni milioni 2.4, mshahara wa mwaka mzima.

Inashawishi kusubiri. Lakini siku hizo 20 ndizo ambazo vyuo vingine vinawahoji watu walio kwenye orodha yako, na kocha mwenye kuti kavu hasajili mtu. Jiulize milioni 2.4 inanunua nini: kama jina lako la kwanza na la pili wote wanaweza kuchukuliwa ndani ya siku hizo, umeokoa fedha na kupoteza kazi yenyewe. Kama jina lako la kwanza bado anacheza mashindano ya NCAA hadi wiki ya mwisho ya Machi, basi subiri. Wakati mwingine kuna njia ya tatu, ya kukaa na wakala wake na kukubaliana kiwango cha katikati, asilimia 60 au 65, alipwe mapema kuliko kusubiri miezi 48.

Angalia pia kifungu cha kupunguziana. Milioni 7.2 kwa miezi 48 ni dola 150,000 kila mwezi. Mkataba mzuri unamlazimisha kocha aliyeondolewa kutafuta kazi, na anachopata kinakatwa. Akipata kazi ya dola 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi, wewe unabaki kulipa 100,000. Mahali panapovuja ni hapa: mwajiri mpya anaweza kumpa mshahara mdogo kwa makusudi, akijua wewe unajazia. Mwanasheria aandike kwamba kitakachokatwa ni thamani ya kazi hiyo sokoni, hata kama mshahara uliotajwa ni mdogo.

Usisahau gharama nyingine zinazofuata: mikataba ya wasaidizi hadi watano, fidia utakayolipa kumtoa mrithi alipo, benchi jipya la ufundi, na fedha za wachezaji. Hesabu hizi zikae kwenye karatasi moja, kwa sababu wafadhili wakiombwa mara tano watachoka, wakiombwa mara moja watasikiliza.

Kuhusu kumwondoa kocha kwa kosa ili usilipe kitu, tahadhari kubwa. UConn ilimwondoa Kevin Ollie mwaka 2018 kwa madai ya kuvunja kanuni za NCAA, ikakataa kumlipa. Shauri lilikwenda kwa msuluhishi, na 2022 chuo kiliamriwa kumlipa zaidi ya dola milioni 11. Kama huna ushahidi wa maandishi uliokusanywa kwa utaratibu, pamoja na barua za onyo zenye tarehe, lipa fidia.

Jambo la mwisho katika hesabu: tazama nyongeza za mkataba zinazojiendesha zenyewe. Kevin Keatts wa NC State alishinda mechi tano kwa siku tano Machi 2024, akatwaa taji la ligi ya ACC, na mkataba wake ukaongezeka wenyewe miaka 2. Timu ikafika nusu fainali ya taifa. Mwaka mmoja baadaye alifutwa kazi, na chuo kikawa kinadaiwa miaka ambayo hakuna mtu aliyekaa mezani kuikubali.

Kalenda inayotawala kila kitu

Timu 68 za mashindano ya NCAA hutangazwa Jumapili katikati ya Machi, na fainali huchezwa Jumatatu ya kwanza ya Aprili au karibu na hapo. Vyuo vilivyokosa mashindano huanza kusaka mapema na hupata nafasi ya kuzungumza na mawakala kwa utulivu, ila makocha wanaotakiwa zaidi bado wanacheza.

Potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ambamo mchezaji anayetaka kuhama chuo huandikwa, ndiyo imebadilisha mchezo. Ilianza Oktoba 2018, na tangu 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka, kisha Aprili 2024 kizuizi cha mara moja kikaondolewa. Dirisha limekuwa likifupishwa: mwaka 2025 lilikuwa siku 30, na kwa 2026 limewekwa siku 15, kuanzia siku inayofuata fainali. Kocha akibadilika, wachezaji wa timu hiyo hupewa dirisha lao la siku 15, nalo huanza siku ya tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Siku hizo tano ni zawadi kwa kocha mpya: ana nafasi ya kukaa na kila mchezaji kabla mlango haujafunguliwa. Kanuni hizi hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo ofisa wa kanuni wa chuo akuandikie tarehe kamili kabla hujatangaza lolote.

Njia ambayo sisi tunaipenda ni ile Indiana waliyoifuata 2025. Mapema Februari ilitangazwa kwamba Mike Woodson ataondoka msimu ukiisha. Kocha alimaliza kwa heshima, chuo kikapata wiki tano za kutafuta bila kujificha, na Machi wakamchukua Darian DeVries kutoka West Virginia. Njia hii inataka kocha mwenye kukubali na mkurugenzi mwenye ujasiri wa kumweleza mapema. Duke walikwenda mbali zaidi: Juni 2021 Mike Krzyzewski alitangaza kwamba msimu unaofuata ni wa mwisho, na Jon Scheyer akatajwa kuwa mrithi palepale. Hapakuwa na msako wa hadharani.

Siku ya kumwambia

Mpangilio wa saa ni huu. Asubuhi, ana kwa ana, mkurugenzi na kocha peke yao na shahidi mmoja wa rasilimali watu. Dakika kumi na tano zinatosha. Maneno ni machache: uamuzi umefanyika, barua ni hii, malipo yatakwenda hivi. Usimrudishe kwenye mjadala wa msimu uliopita, haumsaidii mtu.

Ndani ya saa moja wachezaji wote wawe chumba kimoja na mkurugenzi mwenyewe awaambie. Mchezaji anayesoma habari hii kwenye simu kabla ya kuisikia kutoka kwako ameshaanza kuhama moyoni. Waeleze nani anakaimu, nani wa kumpigia usiku, kwamba ufadhili wao wa masomo uko salama, na lini watasikia tena. Taja siku na saa, kisha itimize hata kama huna jipya la kusema.

Baada ya hapo wapigie vijana waliosaini lakini hawajafika chuoni, mmoja mmoja, pamoja na wazazi wao. Vyuo vingi hukosea hapa. Kijana aliyesaini Novemba alimsainia kocha, na tangu hati ya zamani ya kitaifa ya kujifunga ilipofutwa Oktoba 2024, kinachomfunga ni makubaliano ya ufadhili na ya malipo. Muulize wazi: je, unataka kumsubiri kocha mpya, au unataka tukufungulie? Anayejibiwa kwa heshima mara nyingi husubiri.

Jioni hiyo hiyo hakikisha simu za ofisi, akaunti za video za mechi, na kumbukumbu za usajili ziko mikononi mwa chuo. Kocha anaondoka na daftari lake, lakini rekodi za nani aliahidiwa nini lazima zibaki.

Kampuni za msako na watu wa mezani

Kamati iwe ya watu watatu hadi watano. Kila unayemwongeza ni mdomo mwingine. Kampuni za msako, kama Parker Executive Search au Collegiate Sports Associates, zina kazi mbili za maana: kuzungumza na wakala bila jina la chuo kutajwa, na kumchunguza mgombea. Kumchagua kocha si kazi yao. Mkurugenzi anayeiachia kampuni orodha yake ataletewa wateja ambao kampuni inawajua tayari.

Vyuo vya umma viko chini ya sheria za majimbo za kutoa nyaraka kwa wananchi, kwa hiyo andika barua pepe ukijua waandishi wanaweza kuiomba. Mashabiki nao hufuatilia ndege binafsi kwa namba za mkiani. Usaili wa kwanza ufanyike kwa video au hotelini karibu na uwanja mkubwa wa ndege ambako watu hupita bila kutazamwa.

Mgombea aliye na mkataba mahali pengine kwa kawaida anatakiwa kumjulisha mkurugenzi wake kabla ya kuzungumza nawe. Mwache wakala wake ashughulikie hilo, na usikwepe. Chuo kinachonyang'anya mtu kwa siri leo kitanyang'anywa kesho na jirani yuleyule.

Kuisoma rekodi ya mgombea

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu rekodi ya ushindi na kushindwa huficha mengi.

Anza na ufanisi, ushindi ufuate baadaye. Takwimu za mchambuzi Ken Pomeroy hukadiria pointi ambazo timu inafunga na kufungwa kwa kila umiliki wa mpira 100, zikirekebishwa kwa nguvu ya wapinzani. Linganisha timu alivyoikuta na alivyoiacha. Kocha aliyeitoa timu nafasi ya 220 hadi ya 90 kwenye ligi ndogo amefanya kazi kubwa kuliko aliyekuta timu ya 40 akaishikilia hapo, hata kama wa pili ana mechi nyingi za ushindi.

Kisha gawanya ushindi kwa vipengele vinne ambavyo mtakwimu Dean Oliver alivipa uzito: ufungaji asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Timu inayoshinda kwa sababu wapinzani wanakosa mitupo ya pointi 3 imebahatika, na bahati hiyo huisha. Timu inayoshinda kwa ribaundi na kutunza mpira msimu hadi msimu, huku wachezaji wakibadilika, inaonyesha mkono wa kocha.

Angalia mechi zilizoamuliwa kwa pointi 4 au chini. Aliyeshinda 9 kati ya 10 msimu mmoja huenda msimu unaofuata akashinda 4. Usimlipe kwa zile 5.

Tazama msimu uliofuata baada ya mchezaji wake bora kuondoka. Hicho ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote, na siku hizi kinapatikana kwa urahisi kwa kuwa kila kocha wa chuo kidogo huporwa wachezaji kila Aprili. Pat Kelsey aliipa College of Charleston rekodi ya 31–4 (ushindi 31, kufungwa 4) msimu wa 2022–23, akafuatia na 27–8. Louisville walipomchukua 2024, timu yao ilikuwa imeshinda 12 na kufungwa 52 kwa misimu miwili. Alianza na kikosi kipya kabisa na kumaliza 27–8.

Na usidanganywe na usiku mmoja. Machi 2018 Ryan Odom, akiwa na chuo kidogo cha UMBC, aliifunga Virginia 74–54, mara ya kwanza katika mashindano ya wanaume timu iliyopangwa nafasi ya 16, ya mwisho katika kundi lake, kuishinda iliyopangwa nafasi ya 1. Lakini kilichowafanya Virginia wamchukue Machi 2025 ni alichofanya baadaye: aliifikisha Utah State kwenye mashindano ya NCAA 2023, kisha VCU 2025. VCU waliobaki bila kocha wakamchukua Phil Martelli Jr. wa Bryant, na Bryant wakamwita Jamion Christian aliyekuwa akifundisha Italia. Mnyororo tena.

Ben McCollum ni somo la kutazama madaraja ya chini. Alitwaa mataji manne ya Divisheni ya Pili na Northwest Missouri State, na kwa miaka mingi vyuo vikubwa viliamini kwamba mpira wa kule haufui dafu huku. Drake walimchukua 2024, akaja na wachezaji wake akiwemo Bennett Stirtz, akamaliza 31–4. Mwaka mmoja baadaye Iowa walikuwa mlangoni, na Stirtz akamfuata huko pia. Orodha yako iwe na jina moja la namna hii.

Usaili wenyewe

Mpe saa tatu na umuulize machache. Swali letu la kwanza ni kazi ya mikono: mpe majina ya wachezaji wako waliopo, mpe kiasi cha fedha, mwambie ajaze nafasi 15. Tangu Julai 2025, baada ya makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliifungulia NCAA, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kikomo cha msimu wa 2025–26 kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Vyuo vingi vya ligi kubwa vilianza na mgawo wa asilimia 15 hivi kwa mpira wa kikapu wa wanaume, yaani milioni 3 na kidogo. Mgombea mzuri ataanza kuandika palepale: mlinzi kiongozi kiasi hiki, mtu mrefu wa kati kiasi hiki, wachezaji wawili wa kukua polepole kwa kidogo. Anayesema “tutapata vipaji” bila kuandika namba hajajiandaa.

Jiandae na wewe, kwa maana swali lake la kwanza litakuwa hilohilo: bajeti ya wachezaji ni kiasi gani, na imeandikwa wapi? Ukitaja fedha ambazo mfadhili hajazitoa, utakuwa umemdanganya, naye atalijua Mei.

Muulize pia nani atakuwa msaidizi wake wa kwanza na kwa nini mtu huyo atakubali. Mwombe aonyeshe mazoezi ya Jumanne ya kawaida, dakika kwa dakika. Muulize alivyomwambia mchezaji kwamba hana nafasi tena.

Uchunguzi usiokwepeka

Piga simu tano ambazo mgombea hakukupa: ofisa wa kanuni wa chuo chake cha zamani, mshauri wa taaluma, mtaalamu wa tiba ya timu, mwanamke aliyefanya kazi ofisini kwake, na mchezaji aliyeondoka kwa hasira. Mwombe mgombea asaini ruhusa ya kuangaliwa rekodi za polisi, madai ya mahakamani na malalamiko ya unyanyasaji. Uliza NCAA kama kuna amri ya adhabu inayomfuata, kwa kuwa adhabu ya kocha inaweza kuhamia naye hadi chuo kipya. Chini ya kanuni za sasa kocha mkuu anawajibika kwa makosa ya wasaidizi wake, kwa hiyo wachunguze wasaidizi pia.

Tazama kipimo cha maendeleo ya kitaaluma cha NCAA. Chini ya alama 930 kati ya 1,000 timu inaweza kufungiwa mashindano. Ndivyo ilivyowakuta UConn, mabingwa wa 2011, walipozuiwa kushiriki 2013.

Mkataba

Siku ya makubaliano andikeni karatasi fupi ya kurasa mbili au tatu, isainiwe kabla ya mkutano na waandishi. Mkataba mrefu huchukua wiki. Karatasi hiyo itaje miaka (mitano ni kawaida), mshahara, fidia ya pande zote mbili, fungu la mishahara ya wasaidizi, na fedha za wachezaji kwa mwaka. Fidia ishuke kila mwaka kwa pande zote. Nyongeza za miaka zisijiendeshe zenyewe. Ziwe zawadi inayohitaji saini.

Fidia ya kumtoa alipo ilipwe kwa uangalifu. Fedha zikipitia kwake zinaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake na kumwekea mzigo wa kodi, kisha wakala atakuomba uongeze kufidia kodi hiyo. Mwanasheria wa kodi aone karatasi kabla ya saini. Chuo cha umma kihakikishe pia tarehe ya kikao cha bodi, maana bila idhini ya bodi hamna mkataba.

Siku kumi za kwanza

Kocha mpya asianze na kamera, aanze na wachezaji waliobaki. Dakika 20 hadi 30 kwa kila mmoja, bila msaidizi chumbani. Amweleze kila mtu ukweli: wewe nakutaka na nafasi yako ni hii, wewe nakutaka lakini utapigania dakika, wewe sikuoni kwenye mfumo wangu na nitakusaidia kupata pengine. “Kila mtu anakaribishwa” ni sentensi iliyopoteza vikosi vingi, kwa sababu anayetakiwa kweli haisikii tofauti.

Siku ya pili awe na mtu wa kushughulikia potali muda wote. Aanze na mlinzi kiongozi na mtu mrefu wa kati, ndio huisha mapema. Kabla ya kumleta mchezaji kutazama chuo, ofisi ya taaluma ipime masomo yake: anayeingia mwaka wa tatu anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada, wa nne asilimia 60, wa tano 80. Mchezaji wa mwaka wa nne ambaye masomo yake hayahamishiki atakuja, atasaini, kisha atakaa benchi na suti. Kosa hili hutokea kila kiangazi, na simu moja kwa msajili wa wanafunzi ingelizuia.

Kuanza upya kabisa kunawezekana. Calipari na Pope walijenga vikosi karibu vyote upya kiangazi cha 2024, na wote wawili walifika timu 16 bora Machi 2025. Dusty May alikuta Michigan iliyotoka 8–24, akaja na mtu wake mrefu Vladislav Goldin kutoka Florida Atlantic, akamaliza 27–10.

Kwa mchezaji kutoka kwetu na mzazi wake

Vijana wa Afrika Mashariki na Kongo wapo katika timu hizi. Khaman Maluach, aliyekulia Uganda, alichezea Duke msimu wa 2024–25, na kabla ya msimu kuisha msaidizi Jai Lucas aliondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa Miami. Mabadiliko ya benchi yatakufikia, kwa hiyo fuata utaratibu.

Usiingie potali siku ya hasira. Ukishaingia, chuo kinaweza kusitisha ufadhili wako mwisho wa muhula, na chuo kingine bado hakijakupa kitu. Zungumza na kocha mpya kwanza, uombe nafasi yako na ufadhili vitajwe kwa maandishi.

Kama una viza ya mwanafunzi ya F-1, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Kumbukumbu yako ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) lazima ihamishwe na chuo kipya kitoe I-20 mpya (hati ya udahili inayobeba viza yako), na usishuke chini ya masomo ya muda wote, ambayo kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 12 kwa muhula. Kuhusu ahadi za fedha, viza hiyo inabana sana kazi ndani ya Marekani. Kocha akikuahidi malipo, omba chuo kikupe barua ya mwanasheria wa uhamiaji inayoeleza utalipwa vipi na kwa ruhusa gani. Kama barua haipo, usisaini sehemu ya fedha. Saini ya ufadhili wa masomo pekee.

Pata nakala rasmi ya matokeo yako na kumbukumbu zako za matibabu ukiwa bado mwanafunzi wa chuo cha kwanza. Ukishaondoka, kuzipata kunaweza kuchukua wiki, na usajili wa masomo ya kiangazi hausubiri.